Munganga Aliyeogopa Chura

Munganga alikuwa anaogopa chura. Naanza hapo makusudi, maana siku hizi watu wakimtaja wanamtaja kama mtu aliyezaliwa na koti jeupe mwilini, hana woga, hana kasoro. Mimi nilifanya kazi naye miaka kumi na mmoja, na kabla ya hapo nilikuwa mgonjwa wake, kwa hiyo nina haki ya kusema: mtu yule, ambaye mitaa ya Katuba na Kamalondo ilimwita Munganga wa Bachura, yaani daktari wa chura, hakuweza kumshika chura hata mmoja kwa mkono mtupu. Alimshika kwa kitambaa, jicho moja amelifumba, kisha akaenda kunawa mara tatu. Mwishowe kazi hiyo akaniachia mimi.

"Mama, shika weye," alikuwa ananiambia. "Mimi nitashika sindano."

Na chura ndiye alikuwa kazi yake yote! Ngoja nieleze, asije mtu akadhani tulikuwa wachawi.

Kuna mimba ambayo si mtoto. Tumbo linakua, unatapika asubuhi kama wenzako, unaanza kushona vinguo, halafu siku moja damu inatoka, na kilichokuwa ndani ni malengelenge madogo madogo yaliyoshikana kama mayai ya samaki. Waganga wanaiita mola. Sisi wanawake tuliiita mimba ya mayai. Tumbo likisafishwa, wengi wanapona. Lakini kwa wachache kipande kinabaki, kinakaa kimya, kisha kinageuka kansa, kinapanda mpaka kwenye mapafu, na mwanamke anakufa angali kijana. Munganga alitaka kujua ni nani atapona na ni nani atageukiwa, na amjue huyo wa pili kabla hajaanza kukohoa damu. Hilo ndilo alilolitafuta maisha yake yote ya kazi.

Jibu lilikuwa kwenye mkojo. Dawa za kupimia za kisasa zilikuwepo huko zinakotengenezwa, lakini kwetu zilifika zimepigwa na joto, hazifai kitu. Chura hakuhitaji kusafirishwa. Unamchoma dume sindano ya mkojo wa mwanamke chini ya ngozi ya mgongo, unamwacha ndani ya chupa saa chache, halafu unatazama maji yake kwenye darubini. Ukiona mbegu zake za kiume zinaogelea, chura amesema ndiyo: mwanamke ana mimba, au ile mimba ya mayai haijaisha. Usipoona kitu, chura amesema hapana. Ndiyo maana mwanamke aliyesafishwa alitakiwa akae mwaka mzima bila kushika mimba, analeta chupa yake kila mwezi. Akishika mimba katikati, chura atasema ndiyo na Munganga hatajua ni ndiyo ya furaha au ya kifo.

"Mwaka moja, Mama," alikuwa anasema, akiinua kidole kimoja. "Mwaka moja ni kintu gani?"

Eh! Yeye alikuwa mwanamume, tena hakuwa na mama mkwe.

Chura tuliwapata siku ya salongo. Miaka ile, Jumamosi asubuhi mji mzima ulitoka na majembe na makoleo kufyeka majani na kuzibua mitaro, anayetaka na asiyetaka. Munganga alikuja amevaa abakosti yake ya kijivu, vifungo vyote mpaka shingoni, na mimi nyuma yake na ndoo. Wengine walizibua mitaro; yeye alikimbia huku na huku akipiga kelele, kwa lile neno la Kifaransa la raia tulilolazimishwa kuitana miaka ile: "Citoyens, musiue chura! Citoyenne, huyu wa nyuma ya muguu yako, muache, ni wa hospitali!" Watu walicheka mpaka wakaegemea makoleo. Yeye hakujali. Na alikuwa na sheria yake: chura akishafanya kazi mara tatu, arudishwe kwenye mtaro uleule alikotoka. Niliwahi kumwaga chura wa Katuba kwenye mtaro wa Kamalondo, kwa sababu jua lilikuwa kali na Katuba ni mbali. Alinuna siku mbili.

Bila shaka watu walisema. Chupa za mikojo ya wanawake, na chura, na mtu asiye na mke! Kiongozi mmoja wa mtaa, mtu mnene mwenye sauti, alikuja na wenzake wawili kutuhoji. Munganga hakubishana. Alimsogezea kiti, akamwekea darubini mbele, akamwambia, "Citoyen, tazama mwenyewe." Yule bwana akatazama, akatoa jicho, akatazama tena zile mbegu zinazoogelea. "Mawe!" akamaka. "Biko bizima!" Toka siku hiyo alikuwa rafiki yetu, na baada ya majuma mawili alileta chupa ya mkewe, kwa siri, ndani ya kofia.

Sasa nieleze daftari lake. Munganga hakuandika majina ya wanawake. Alisema mji una macho, na mwanamke akijulikana ana ugonjwa wa tumbo, nyumba yake inavunjika kabla ya ugonjwa kumfikia. Kila mmoja alikuwa na mstari wake, na mahali pa jina palibaki patupu mpaka siku ile atakapotamani chakula mwenyewe, bila kulazimishwa. Chakula hicho ndicho kilikuwa jina lake. Kwa hiyo kwenye kibaraza chetu utasikia: Mama Sombe amefika, Mama Bukari anakohoa, nani amemwona Mama Ndakala? Mgeni angedhani tunaongea habari za soko. Na mistari mitupu ilikuwepo pia. Wale walikwenda kabla ya kutamani kitu. Hakumruhusu mtu aiguse mistari ile, na kila alipofungua daftari alianza kwa kuipitia kwa kidole, taratibu, kabla ya kugusa wengine.

Majibu alipeleka mwenyewe. Hakutuma karatasi, hakutuma mtu. Kila mwanamke aliyeleta chupa aliuliza swali lilelile, "Jibu inatoka siku gani?" na yeye alijibu lilelile, "Nitakuya mwenyewe." Alikuja kwa miguu, jibu zuri au baya, uso uleule, mwendo uleule, ili mwanamke akimwona kwa mbali asianze kufa kabla ya kusikia. Mwanzoni niliuona kama ukatili. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa anatupa hatua zile chache za mwisho tukiwa bado wazima.

Na wanaume je? Huko ndiko alikokuwa mkali. Mwanamke hakumpandishia sauti hata siku moja. Lakini mume aliyesema, "Mimi sina nafasi, niko na kazi ya kampuni," huyo alipigiwa kelele mpaka wagonjwa wa chumba cha pili wakasikia. Sheria yake ilikuwa kwamba chupa ya kila mwezi ailete mume. Bwana yangu, fundi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba, mtu anayeheshimiwa na kikundi chake chote, alikuwa anapita mjini na mkojo wangu ndani ya mfuko wake wa kazi, kando ya mkate. Alilalamika sana. Lakini mume aliyebeba chupa hawezi tena kusema hajui mkewe anaumwa nini, na hilo Munganga alilijua.

Kasoro zake? Alikuwa mbishi. Alikunywa chai ya majani ya ndimu kutwa nzima, bila sukari, ikiwa baridi kama maji ya mtoni, na ukimwambia uipashe moto anakuona adui. Tena yule aliyetukataza kuficha maumivu, yeye aliyaficha kama mwizi. Mwaka mmoja jino lilimwoza, shavu likavimba kama ana tonge mdomoni, na kila aliyemuuliza aliambiwa, "Ni baridi." Baridi gani, mwezi wa kumi, Lubumbashi! Alikuwa anaogopa wale wa meno kama anavyoogopa chura. Nilimcheka. Laiti ningekumbuka vizuri jino lile, ningemfuatilia mapema.

Sasa niseme langu, na nitalisema lote.

Mimba yangu ya kwanza ilikuwa ya mayai. Nilisafishwa, nikaanza ule mwaka wangu, na chura akasema hapana mwezi baada ya mwezi. Mwezi wa saba nikaona damu. Kidogo tu, tone, kesho tone. Nilijua maana yake. Lakini nilijua pia kwamba mama wa bwana yangu alikwisha kwenda kijijini Kasomeno kuwaona ndugu zake, na alirudi na jina la msichana mdomoni, akilitaja taja wakati wa kula kama mtu anayeonja chumvi. Nikajiambia, chura akisema ndiyo, mwaka unaanza upya, na msichana wa Kasomeno ataingia humu ndani na kuzaa mbele ya macho yangu. Basi nikamwita mdogo wangu wa kike. Alikuwa na miaka kumi na minane, anaishi kwetu, anajifunza kushona kwa masista. Nikampa chupa.

"Jaza."

"Yaya, juu ya nini?" Ndivyo tunavyomwita dada mkubwa.

"Jaza, usiulize."

Akajaza. Bwana yangu akaibeba kando ya mkate wake, hajui kitu.

Siku mbili baadaye, mchana, nilikuwa uani namenya viazi vitamu nikamwona Munganga anakuja, uso uleule, mwendo uleule. Alikaa kwenye benchi sebuleni, akaweka kofia yake gotini.

"Mama, chura amesema ndiyo."

Sikuelewa. Chupa ile haikuwa yangu, ingesemaje ndiyo?

"Kesho unaingia hospitali," akaendelea, polepole. "Kuko dawa. Ni kali, sitakudanganya. Itakutoa vidonda mu kinywa, itakutoa nywele. Lakini iko naua ile kintu."

Nikisema ukweli, nimejiaibisha na nimemwaibisha mdogo wangu. Nisiposema, nitakunywa sumu kwa mkojo wa mtu mwingine. Na nyuma ya hayo yote, lile tone langu la damu lilikuwepo, halijapimwa na mtu.

Pazia la chumba likasogea. Mdogo wangu akatoka, akapiga magoti chini, mikono usoni.

"Munganga, musimupe yaya dawa. Mukojo ni yangu. Mimi njo niko na mimba."

Nje kuku alikuwa anaparua ndoo. Munganga alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Nilingoja kelele. Nilizitaka, kweli, angenipigia kelele kama anavyowapigia wanaume ningejisikia nafuu. Badala yake akamwinamia mdogo wangu.

"Simama, mutoto yangu. Mwenye mimba hapigi magoti pa simenti ya baridi."

Halafu akanigeukia. "Na weye, Mama? Ya kwako iko wapi?"

"Niko na damu," nikasema. "Kidogo. Toka mwezi uliopita." Na hapo nikalia, nikalia vibaya, kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni.

Hakunilaumu. Alitoa chupa safi mfukoni, kumbe alikuwa anatembea nazo, akanipa. "Sasa hivi. Nitangoja." Nilipoirudisha aliishika kwa mikono miwili, na nikaona anaipima kwa viganja. "Iko na joto," akasema. "Hii njo ya kwako." Akaiweka ndani ya koti lake, upande wa ndani, akatoka.

Kesho yake alirudi mwenyewe. Chura alikuwa amesema ndiyo. Akanipeleka hospitali, na picha ya kifua ikaonyesha doa moja kwenye pafu, dogo kama punje ya mtama. "Mapema," aliniambia, na alilirudia neno hilo mara nyingi sana, nadhani yeye mwenyewe alikuwa analihitaji. "Tumekuya mapema."

Dawa ile ilinifanyia kila alichoahidi. Nywele zilibaki kwenye mto. Mdomo wangu ulikuwa kidonda kitupu, hata maji yaliniunguza. Bwana yangu alikuja kila baada ya zamu, anakaa kando ya kitanda na vumbi la kiwanda kwenye nyusi, ananishika mguu. Msichana wa Kasomeno hakutajwa tena. Alimnyamazisha mama yake mwenyewe, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Siku moja, sijui ni juma la ngapi, Munganga alipita asubuhi nikamwambia, bila kufikiri, "Ningepata chikanda." Ni chakula cha kwetu, mizizi inayotwangwa na karanga na pilipili, inapikwa mpaka inakatika vipande kama nyama. Alinitazama. Akaacha wagonjwa wote waliokuwa kwenye mstari, akatoka na koti lake jeupe mpaka sokoni, akarudi na vipande vitatu ndani ya karatasi. Nilikula kimoja, na pilipili ikanichoma nikalia, na yeye amesimama pale anaandika kwenye daftari. Toka siku ile nikawa Mama Chikanda.

Nilipopona akaniita kazini.

"Weye unajua namna bantu banadanganya," akasema. "Njo muntu ninatafuta."

Na kweli, hakuna aliyenipita. Nilipokea chupa miaka yote ile, na nilikamata maji ya bomba, nilikamata mkojo wa mama mkwe, nilikamata hata wa mbuzi. Sikumwaibisha mtu. Nilimpeleka mwanamke kando nikamwambia, "Dada, mimi nilifanya hivyo hivyo," na karibu wote walirudi chooni. Mdogo wangu alizaa mvulana, akaolewa na baba wa mtoto. Mimi baada ya miaka miwili nilipata binti mmoja, na siku chura aliposema ndiyo, Munganga alikuja nyumbani na uso wake uleule, lakini alijikwaa mlangoni.

Miaka ikapita. Alistaafu, akahamia nyumba ndogo Kamalondo na mpwa wake wa kike aliyekuwa anamtunza. Nilimtembelea Jumapili moja moja, halafu, kama ilivyo, nikaanza kuchelewa. Ndipo asubuhi moja mpwa akaja kwangu, anapinda pinda ncha ya kitenge chake.

"Mama, muzee anakojoa damu. Minafua suruali zake, minaona. Anasema ni beterave, ile viazi nyekundu alikula."

"Toka lini?"

"Miezi miwili."

Nilinunua chikanda, nikachukua chupa safi, nikaifunga kwenye kitambaa, nikaenda. Nilimkuta uani chini ya mpera, kikombe cha chai yake baridi kando. Alikuwa amepungua, shingo ilikuwa inaelea ndani ya kola ya abakosti. Lakini aliinuka kunipokea.

"Mama Chikanda! Karibu, karibu."

Alikula kipande kimoja, akakisifu zaidi ya alivyokila. Ndipo nikaweka chupa mezani. Aliitazama kama alivyokuwa anawatazama chura.

"Hiyo ni ya nini?"

"Munganga anajua."

"Ni beterave, Mama."

"Beterave ya miezi miwili?"

Akazungusha kikombe. "Mimi niko muzee. Kujua kutanisaidia nini?"

"Weye njo ulituambia kujua kunasaidia," nikasema. "Sisi wote. Na bale ba mistari mitupu. Ulikuwa unatudanganya?"

Nilitulia kwanza, kisha nikamuuliza jambo nililolibeba miaka mingi. "Siku ile kwangu, ulipokuja na jibu, ulijua kama mkojo haikuwa yangu?"

"Sikujua," akasema. "Nilikuja kukuambia uko na kansa. Nilizunguka njia ya mbali, kwa miguu, kusudi nichelewe kufika. Nilikuwa naogopa, Mama. Kila mara nilikuwa naogopa."

Moyo wangu ulimwendea, ningeweza kumkumbatia. Lakini nilimjua. Nikavuta kiti, nikakaa vizuri, nikaweka mikono mapajani. "Mimi siondoki hapa," nikamwambia. "Nitangoja."

Alichukua chupa, akaingia ndani polepole. Alikaa muda. Aliporudi aliniwekea chupa mkononi, imefungwa vizuri kwenye kitambaa, na akaangalia pembeni, kwenye mpera.

Chupa ilikuwa baridi. Nilifungua kifuniko nikanusa. Majani ya ndimu.

"Munganga," nikasema.

Aliinamisha kichwa. Mabega yalianza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, halafu sikujua tena ni kipi, na mimi pia nilikuwa nafanya yote mawili. Alinyoosha mkono, akachukua chupa, akamwaga chai yake chini ya mti. Kisha akaingia ndani mara ya pili, akishika ukuta.

Safari hii chupa ilikuwa na joto. Niliishika kwa viganja viwili, kisha nikaiweka ndani ya nguo yangu, upande wa ndani, nikasimama niipeleke hospitali kabla hajabadili nia. Nilikuwa nimefika kwenye lango aliponiita. Hakuwa na ile sauti ya Munganga. Ilikuwa sauti ndogo, ya mtu yeyote.

"Mama Chikanda, jibu inatoka siku gani?"

Nikageuka.

"Nitakuya mwenyewe," nikamwambia.